Kampuni ya magitaa inataka niwe balozi wao, mkataba umenichanganya, naomba ushauri wenu

NyuziSita:

Wakuu habari zenu. Naomba mnisaidie mawazo maana hili jambo linaninyima usingizi na kila ninayemuuliza ananiambia saini tu hiyo bahati. Mimi ni mpiga gitaa la solo, napiga kwenye bendi na pia narekodi vipande vyangu naviweka mtandaoni, sasa folowazi wameongezeka na hivi karibuni kampuni moja ya magitaa (sio kubwa kivile ila magitaa yao yanaheshimika) wakanifuata inboksi wanataka niwe balozi wao. Mwanzo nilijua ni matapeli nikawapotezea, wakarudi kwa barua pepe ya kampuni yenyewe, tukaongea kwa video, kumbe ndo wenyewe kabisa.

Sasa walicholeta ni hiki. Mkataba wa miaka mitatu. Gitaa la kwanza wananipa bure, mengine nanunua kwa punguzo. Nisionekane na gitaa la kampuni nyingine jukwaani wala kwenye video. Kila mwezi niweke klipu nikiwa na gitaa lao. Halafu kuna kipengele kinasema kuanzia mwaka wa pili kampuni "inaweza kuzungumzia" gitaa litakaloitwa kwa jina langu, signecha, na hapo nitalipwa mrabaha kwa kila gitaa litakalouzwa. Hicho ndo kimeniteka, sifichi, tangu nilipoanza kushika gitaa nimekuwa nikiwaona wakali wana magitaa yao yenye majina yao na nikatamani.

Kinachonitia wasiwasi ni sehemu imeandikwa kampuni itatumia jina langu, picha na video zangu bila ukomo wa muda. Hii ni kawaida? Mrabaha unahesabiwaje? Na nitawaambiaje nataka mabadiliko bila wao kukasirika wakaachana na mimi? Nawasilisha.

Kapo_ya_Tano:

Hongera sana mkuu, kazi yako imeonekana. Nakaa hapa nisubiri wajuzi maana na mimi nataka kujifunza.

Mzee wa Ridhim:

Mdogo wangu hongera. Kitu cha kwanza, hapo wamekuwekea mambo mawili kwenye karatasi moja na wewe unayasoma kama jambo moja. Ubalozi ni jambo lake na gitaa la jina lako ni jambo lake. Ubalozi una ngazi, wengi sana huko chini wanachopata ni punguzo la bei tu, yaani wewe bado ni mteja ila mteja mwenye picha kwenye tovuti yao. Wengine wanaazimwa vifaa, wakimaliza ziara wanarudisha. Wachache wanapewa bure. Wanaolipwa hela ni wachache zaidi, na wenye signecha ni wachache kabisa kwa sababu kutengeneza modeli mpya kunaila kampuni pesa kabla halijauzwa hata gitaa moja. Kwa hiyo neno "inaweza kuzungumzia" halikupi chochote, hata usipokuwa na mkataba mnaweza kuzungumza. Lisikufanye ukubali vipengele vingine ambavyo bila hilo usingevikubali.

Pili hilo la bila ukomo. Kampuni kutumia jina na picha yako wakati mkataba unaendelea ni haki yao, ndo wanachonunua hicho. Baada ya mkataba hapana. Hebu fikiria umeshahamia kampuni nyingine na hawa bado wanauza kwa sura yako, hiyo kampuni mpya itakuchukuaje? Waambie wapewe miezi kadhaa baada ya mkataba kuisha kumaliza matangazo na mzigo uliobaki dukani, basi.

Na mrabaha, usikubali kuambiwa asilimia bila kuambiwa ni asilimia ya nini. Mara nyingi inahesabiwa kwenye bei ambayo kampuni inawauzia maduka, sio bei anayolipa mteja wa mwisho, na kuna mikataba inayokata kwanza usafiri, matangazo na magitaa yaliyorudishwa ndo wanapiga asilimia kwenye kinachobaki. Mtu anaweza kukuahidi asilimia kumi ukafurahi kumbe ya mwenzako ya asilimia tano ina hela zaidi. Iandikwe ni bei ipi, hesabu unaletewa kila baada ya muda gani, na una haki ya kuleta mtu wako akague vitabu.

LeadNaVibrato:

Jamani msimtishe mleta mada. Mimi nasema asaini. Huyu ni mtu anaanza, kampuni sio kubwa, wao pia wanajitosa kwake. Mimi nina ubalozi wa kampuni ya nyuzi na kilichonisaidia sio nyuzi za bure, ni kwamba nikipangiwa warsha wananitafutia nafasi, nikikwama na kifaa kuna mtu wa kumpigia, na nimejuana na wapigaji ambao nisingewafikia. Akianza kuleta masharti kama supastaa watamwacha watafute mwingine, wapigaji wazuri mtandaoni wako kibao siku hizi.

Mzee wa Ridhim:

@LeadNaVibrato hapo kwenye faida za kujuana nakuunga mkono kabisa, na mimi sijasema asisaini. Ila kuuliza sio kujidai. Mkataba wa kwanza unaotumwa huwa umeandikwa na mwanasheria wa kampuni kwa faida ya kampuni, na wenyewe wanategemea utarudi na maswali. Kampuni inayokimbia kwa sababu umeuliza picha zako zitatumika hadi lini, bora ikimbie leo. Halafu nyuzi sio sawa na gitaa, nyuzi huwezi hata kuziona kwenye video, ila gitaa ukifungwa nalo kila rekodi na kila jukwaa umefungwa.

DadaSolo:

Naona mnaongelea karatasi tu, hamna aliyeuliza kuhusu gitaa lenyewe! Mdogo wangu umelipiga? Sio kulijaribu, kulipiga, mazoezi ya masaa, shoo nzima umesimama nalo, studio, joto na baridi uone kama shingo inatulia au tuning inahama. Kama una gitaa ambalo sauti yako yote imejengwa juu yake halafu unalitundika miaka mitatu kwa ajili ya mkataba, watu waliokufuata kwa ile sauti watasikia tofauti kabla yako.

Les Paul mwenyewe, yule mpiga gitaa wa Marekani, yalimkuta mwaka 1961. Kampuni ya magitaa ya Gibson walitoa gitaa la jina lake 1952, likaja kuwa moja ya magitaa yanayojulikana zaidi duniani, halafu hiyo 1961 wakabadilisha umbo lote, jembamba lenye pembe mbili kali, hili tunaloliita SG sasa hivi, likatoka na jina lake juu. Yeye hakulipenda. Miaka michache baadaye jina lake likaondolewa, umbo likabaki na kampuni mpaka leo, na gitaa lake la zamani wakalirudisha sokoni 1968. Kwa hiyo ikifika hatua ya signecha idai iandikwe kwamba hakuna gitaa linatoka na jina lako bila wewe kulipiga na kuliidhinisha, na wakibadilisha kitu baadaye, mbao, pikapu (kile kifaa kinachonasa mlio wa nyuzi na kuupeleka kwenye spika), kiwanda, wanarudi kwako.

Inawezekana kabisa maana wapo wapigaji wanaosikilizwa. St. Vincent, mwanamuziki wa Marekani, kwa kampuni ya Music Man hakupewa gitaa la zamani wakabadilisha rangi, alikaa kwenye umbo lenyewe na likatoka 2016 likiwa halifanani na kitu kingine walichokuwa nacho. Mimi nikiliona gitaa la namna ile naheshimu kampuni na mpigaji wote wawili.

NyuziSita:

Asanteni sana, nimesoma zote mara mbili. Dada gitaa nimelipiga ila sio kwa kiwango hicho unachosema, nimelipiga kwenye mazoezi na rekodi fupi, shingo yake nimeipenda sana, pikapu ya daraja (ile ya upande ambao nyuzi zinaishia kwenye mwili wa gitaa) kidogo kali kwangu.

Kuna kipengele kingine sikukiandika juu kwa sababu sikukielewa, kinasema mchoro, umbo, rangi na "vitambulisho vyote" vitakavyotokana na ushirikiano wetu ni mali ya kampuni. Hii ina shida? Maana nina ule mchoro wa mistari ambao huwa nauweka kwenye kava zangu zote na walishaniambia wanaupenda wangetaka uwe kwenye gitaa.

FundiPikapu:

Mkuu hapo ndo penyewe, asante kwa kukiweka. Ngoja nikupe mfano wa mtu mmoja yaliyomtokea yote mawili, kampuni kubaki na kazi yake na yeye kuondoka na kilicho chake: mpiga gitaa Eddie Van Halen.

Mwanzoni mwa miaka ya 90 alikuwa na gitaa lake na Ernie Ball Music Man, lilitoka 1991. Lilipendwa sana. Akaondoka katikati ya miaka hiyo ya 90. Kampuni haikuacha kulitengeneza, walitoa jina lake wakaliita Axis, gitaa likaendelea kuuzwa. Akaenda kampuni ya Peavey, 1996 ikatoka gitaa inaitwa Wolfgang, jina la mwanae. Alipoachana na Peavey mwaka 2004 jina Wolfgang akaondoka nalo, na baadaye likarudi sokoni chini ya EVH, chapa yake mwenyewe aliyoianzisha na Fender. Mpigaji ni huyo huyo, kampuni ya kwanza ilibaki na gitaa likauzwa bila jina lake, ya pili ilibaki bila jina.

Sasa ukisoma hicho kipengele chako, kama kilivyo, wewe uko kwenye hali mbaya kuliko hizo zote mbili, kwa sababu hata ule mchoro ambao ulikuwa wako kabla hawajakujua utahesabika umetokana na ushirikiano. Ukiondoka hutauweka hata kwenye kava lako. Kuna njia ya kuandika hii: vitu vilivyokuwa vyako kabla ya mkataba vinaorodheshwa na picha zake, vinabaki vyako, kampuni inapewa ruhusa ya kuvitumia kwenye magitaa yale tu na kwa muda ule tu. Na kama unaweza, usajili huo mchoro na jina lako la jukwaani kama alama ya biashara kwa jina lako wewe, kabla ya kusaini chochote. Usiwaachie wao wakusajilie hata wakisema wanakusaidia.

Kitu kingine, kampuni ya Ibanez walipotoa JEM, gitaa la mpigaji Steve Vai, 1987, mwaka huo huo wakatoa na RG, ambayo imejengwa juu ya mawazo ya ile JEM ila bila jina na bila yale madoido, na RG ndo imekuja kuwa familia kubwa ya magitaa yao. Simaanishi Vai aliibiwa, yuko nao hadi leo na anaonekana ana raha. Nachosema ni kwamba gitaa la jina lako huwa linazaa magitaa mengine. Kampuni ya PRS na mpigaji John Mayer vile vile, gitaa lake la Silver Sky lilitoka 2018, ya bei nafuu ya SE ikaja 2022. Andika kabisa kwamba mrabaha unahusu na matoleo ya bei nafuu na yanayotokana na la kwako, maana hayo ndo wanafunzi na watu wa kawaida wananunua kwa wingi.

LeadNaVibrato:

@FundiPikapu nimekuelewa, hicho kipengele cha michoro sikuwa nimekiona nilipoandika juu. Hapo hata mimi nisingesaini kilivyo. Ila kwenye suala la kutopiga gitaa la kampuni nyingine sioni ubaya, Mayer alikuwa Fender miaka yote ile, akaachana nao 2014 ndo akaenda PRS, hakuna anayetaka kumlipa mtu anayepiga magitaa ya kila mtu.

DadaSolo:

Sawa ila omba nafasi ndogo. Kampuni nyingi zinaelewa ukisema studio niachwe huru kwa sababu prodyuza anaweza kutaka sauti fulani, na kama kampuni yao haitengenezi gitaa la nyuzi za nailoni au la besi basi hivyo visihesabike. Hayo yanaandikwa kwa sentensi moja tu.

Na zile klipu za kila mwezi, sema wazi kwamba ni washirika wako. Kule Marekani mamlaka ya biashara, FTC, inataka anayetangaza kitu aseme kama kuna uhusiano, na kupewa kitu bure ni uhusiano tosha. Ila hata pasingekuwa na sheria, mtoto anayekusanya hela anunue gitaa kwa sababu yako ana haki ya kujua wewe ulipewa.

Kapo_ya_Tano:

Aisee huu uzi nimeuhifadhi. Swali, mwanasheria wa kawaida anaweza kusoma mkataba kama huu au lazima wa muziki?

Mzee wa Ridhim:

Bora anayejua haki miliki, alama za biashara na mikataba ya leseni. Wa kesi za viwanja atakusomea Kiswahili chake vizuri ila hatajua kipi hakipo. Mkataba mbaya mara nyingi ubaya wake uko kwenye kile ambacho hakikuandikwa.

NyuziSita:

Wakuu nimewaandikia jana usiku, kwa heshima kabisa. Nimeomba ubalozi uwe mwaka mmoja kwanza halafu tuongeze tukiridhika, signecha itoke kwenye huu mkataba iwe na mkataba wake siku ikifika, picha na jina waache kutumia miezi sita baada ya kuisha, mchoro wangu ubaki wangu, na studio niwe huru. Nimewaambia pia pikapu ya daraja naiona kali. Wamejibu asubuhi hii, hawajakasirika hata kidogo, mwaka mmoja wamekubali, signecha wamekubali itoke, ya mchoro wanasema mwanasheria wao ataiandika upya. Na pikapu wamesema wana nyingine wananitumia nijaribu, hiyo ndo imenifurahisha kuliko yote. Mwanasheria nimeshampata pia, ataupitia ukirudi.

FundiPikapu:

Safi sana mkuu. Mkataba ukirudi angalia na video ulizokwisha kuziweka, iandikwe kwamba mkataba ukiisha hulazimiki kuzifuta na wao hawaruhusiwi kuzikata kutengeneza matangazo mapya. Na hiyo pikapu ikifika weka sauti hapa, pikapu ya daraja kali kwa mtu mwingine ndo dawa, tusikie zote mbili kwenye ampu moja.