Jukwaani mnanipigia makofi, nikishuka mnanipeleka stoo. Nimechoka na Uingereza hii

Wakuu habari za humu. Mimi sio mtu wa kufungua nyuzi, huwa napita, nasoma, nacheka, naondoka zangu, ila leo nina hasira hadi mikono inatetemeka na huku ni saa saba usiku, kwa hiyo maandishi yakienda ovyo mtanisamehe.

Kwa wasionijua, mtoto wa Tanga, Uingereza huu mwaka wa kumi na sita, nakaa huku kaskazini pande za Manchester, kazi yangu kuimba na kuchekesha watu. Na ni mwanamke wa trans, yaani nilizaliwa nikaandikwa mwanaume, naishi kama mwanamke. Nalisema mapema ili wa kutukana atukane mapema tuendelee.

Sasa sikilizeni. Huku Krismasi ikikaribia kuna kitu kinaitwa pantomaimu, maigizo ya jukwaani ya nyimbo na vichekesho, kumbi za miji midogo zinaishi kwa hela ya Desemba hiyohiyo. Cinderella, Aladdin, mambo hayo, watoto wanapiga kelele, baba zao wanapiga kelele zaidi. Na lazima awepo dame. Dame ni mwanaume mzima, ndevu kanyoa asubuhi, kavaa gauni kama hema la harusi, matiti ya sponji, lipstiki imefika puani, anaigiza mama mjane anayetafuta mume. Babu wa watu anacheka, mchungaji anacheka, diwani anacheka hadi anafuta machozi. Ni mila yao hiyo, mguse dame uone. Na enzi za Shakespeare wanawake walikuwa hawapandi jukwaani kabisa, wavulana ndio walioigiza kina Juliet, yaani hawa watu wamezoeana na mwanaume ndani ya gauni zaidi ya miaka mia nne.

Mwaka huu nimepata kazi kwenye ukumbi mmoja, jina silitaji, mji silitaji. Wiki tano. Mimi ndio yule mama wa miujiza anayempa Cinderella gauni, nina mabawa na nyimbo tatu. Siku ya kwanza meneja ananivuta pembeni, sauti chini kama mtu anayetaka kukopa, ananiambia "kwa sababu ya ile hukumu" (ya mahakama kuhusu maana ya neno mwanamke, nitaieleza chini) hawezi kuniruhusu chumba cha kuvalia cha wanawake. Nikamuuliza kwa hiyo niende cha wanaume? Ah hapana, hatutaki ujisikie vibaya. Akanipeleka stoo.

STOO wakuu. Kuna kichwa cha farasi, ngazi, ndoo ya kudekia na taa moja inayopepesa kama ina malaria. Kioo hakuna. Choo nimepewa cha walemavu, kiko chini upande wa wateja, kwa hiyo nikibanwa katikati ya shoo napita na mabawa yangu katikati ya watoto wanaonunua aiskrimu, na kama kuna mtu wa kiti cha magurudumu anakihitaji kile choo ananikuta nimekikalia mimi, kisa meneja.

Na chumba cha wanawake mnajua yumo nani? DAME. Mwanaume, mume wa mtu, baba wa watoto wawili, kawekwa humo kwa sababu humo ndio kuna kioo kikubwa chenye taa pembeni na meza ya kutosha mawigi yake sita. Nikauliza. Meneja akanijibu, "Yeye kila mtu anajua ni mwanaume." Hiyo sentensi naitafuna hadi leo haijamezeka. Yaani mwanaume anayejulikana ni mwanaume ndio anaruhusiwa kukaa na wanawake, mimi mwenye cheti cha serikali kinachosema mwanamke ndio wa kukaa na kichwa cha farasi. Na yule kaka wala sio mbaya, aliposikia aliona aibu, akaniambia dada njoo ukae hapa mimi niende stoo. Nikamwambia kaka yangu hapo mlangoni hutapita na hilo gauni.

Sasa tuje kwenye hiyo hukumu maana kila mtu anaitaja na hakuna aliyeisoma. Ni ya Mahakama ya Juu, 16 Aprili 2025, majaji watano kwa sauti moja, kwamba neno mwanamke ndani ya Sheria ya Usawa ya 2010 maana yake ni jinsia ya kuzaliwa, hata kama una cheti. Kesi waliileta kikundi cha For Women Scotland dhidi ya serikali ya Scotland, na mnajua ilianzia wapi? Kwenye nafasi za wanawake kwenye bodi za mashirika ya umma. Bodi! Leo imeteremka hadi kwenye ndoo yangu ya kudekia. Na majaji haohao walisema watu wa trans bado wanalindwa dhidi ya ubaguzi, imo kwenye sheria ileile, ila hiyo sehemu meneja hakuifikia, naona alifika ukurasa wa pili akapatwa na simu.

Karatasi aliyonipungia ni mwongozo wa muda wa Tume ya Usawa na Haki za Binadamu wa Aprili. Mwongozo ambao Oktoba 2025 tume yenyewe ilishauondoa! Mtu ananifukuza chumbani kwa karatasi iliyokufa. Halafu zile kanuni za mahali pa kazi za 1992 ambazo ndizo wanazipigia kelele, zinasema vyoo vya wanaume na wanawake vitengwe, isipokuwa pale kila choo kikiwa na chumba chake na mlango unaofungwa kwa ndani. KOMEO jamani. Nchi nzima inagombana miaka na miaka juu ya kitu kinachomalizwa na komeo. Kwenye treni choo tunatumia wote, kwenye ndege wote, nyumbani kwake meneja wote.

Na hicho cheti msidhani kinaokotwa. Sheria ya kutambua jinsia, ndiyo inayotoa hicho cheti, ilipita 2004. Unatakiwa ripoti mbili za wataalamu, ushahidi wa miaka miwili unaishi kwa jinsia yako, kiapo kwamba utaishi hivyo hadi kufa, halafu karatasi zako zinapelekwa kwa jopo ambalo halikuoni wala wewe hulioni, linakaa huko linaamua wewe ni nani. Mimi nililipa paundi 140. Mwaka 2021 wakashusha ikawa 5 na chenji yangu hawakunirudishia. Kabla ya hapo kliniki ya jinsia, lengo la hospitali za umma ni wiki 18 tangu uandikiwe rufaa hadi uanze matibabu, mimi nilikaa miaka mitatu na ushee nasubiri barua, na wadogo zangu wanaoingia kwenye foleni sasa hivi wananiambia mimi nilikuwa na bahati.

Kuna mama mmoja alikuwa anaitwa April Ashley, mzaliwa wa Liverpool 1935, hapo jirani tu. Alikuwa msanii wa jukwaani Paris, klabu ya Le Carrousel, akafanyiwa upasuaji wa kubadili jinsia Casablanca 1960, akarudi akawa modeli, 1961 gazeti likamuanika nchi nzima. Kazi ikakatika. Akaolewa, ndoa ikafika mahakamani, na 1970 jaji Ormrod akasema huyu kazaliwa mwanaume basi ndoa haipo. Neno la jaji mmoja likawabana watu wote kama yeye hadi hiyo sheria ya 2004. Mwaka 2012 wakampa nishani ya MBE! Walimvunjia kwanza maisha, halafu wakamletea medali. Amefariki 2021, hii ya Aprili hakuiona, na mimi nikiwa stoo najipaka mekapu kwa kioo cha simu namuwaza sana yule mama.

Na nyie Waswahili wenzangu wa huku msidhani mmepona, zamu yenu. Nani anaimba kitchen party zenu? Leicester nimekuja, Reading nimekuja, Slough nimekuja mara tatu. Nikishika maiki na kijembe cha taarabu mnainuka wote, mnanituza noti za paundi tano tano, shangazi ananifunga khanga kiunoni mwenyewe. Jumamosi nyingine nakutana na shangazi huyohuyo dukani kwenye mihogo, anageuza shingo kama feni. Wiki hiyohiyo mwanaye ananitumia meseji "dada uko free mwezi wa pili?" Mimi na yule meneja wa Kizungu na nyie sioni mnapoachana.

Kitu kingine kinachonikera ni hizi rehearsal. Waingereza wana he ya mwanaume na she ya mwanamke, sisi "yeye" ni moja kwa wote, basi meneja akinitaja anajikwaa, anashika kichwa, anaomba radhi mbele ya watu ishirini, radhi inakuwa ndefu kuliko kosa na mwisho namfariji mimi. Marehemu bibi yangu hata hilo neno trans alikuwa halijui, lakini alikuwa anasema "huyu mjukuu wangu kashakula?" basi, hamna aliyejikwaa. Shida kwetu ilianzia kwenye kaka na dada, na hapo ndipo ukoo uligawanyika, ila hiyo nitafungulia uzi wake.

Najua comment zinazokuja. "Si uache kazi." Nimesaini wiki tano, Januari kumbi zote huku ni jangwa na kodi ya nyumba haijui Januari. "Rudi kwenu." Haya, asante. Wa kuniletea aya pia nawaona, pitieni kushoto. Ninachotaka ni mtu aliyewahi kufanya kazi ukumbini huku au anayejua sheria za kazi aniambie, nimeshawaandikia Equity, chama chetu cha wasanii, je nikiendelea kupanda jukwaani huku nalalamika itaonekana nimekubali ile stoo? Au niandike barua kila siku? Inbox iko wazi.

Kesho nina shoo mbili, saa nane mchana na saa moja jioni. Leo nimenunua kioo cha betri. Risiti nimeitunza.