Tupeane uzoefu: uliyewahi kukimbia, kupanda mlima au kuendesha baiskeli kumkumbuka marehemu na kuchangisha pesa

Mdogo wa Marehemu (Dar)
Wakuu, heshima kwenu. Kaka yangu alifariki kwa selimundu (sickle cell). Kisomo kilishafanyika, na safari hii familia tumekubaliana nifanye jambo gumu kidogo ili watu wachangie dawa za watoto wa kliniki aliyokuwa akihudhuria. Nawaza kupanda Kilimanjaro. Mliowahi kufanya kitu cha namna hii, leteni uzoefu: mwili, pesa na maneno ya ndugu. Wa kukatisha tamaa naomba wapite kimyakimya.

Mgumu Mstaafu (Marangu)
Karibu mlimani mkuu. Nimebeba mizigo ya watu wa aina yako, wageni na wenyeji, wengine wana picha ya mzazi wameivisha plastiki isilowe. Njia yetu unalala Mandara, Horombo, kisha Kibo. Pale Horombo ongeza siku ya kuzoea hewa, usibanie hela. Kutoka Kibo mnaondoka usiku wa manane, changarawe tupu, ukipanda hatua mbili unateleza moja, mpaka Gilman's, mita 5,685. Wengi hulia hapo wakidhani wamemaliza, kumbe kilele chenyewe, Uhuru, ni 5,895 na bado kuna kutembea. Chupa ya maji igeuze kichwa chini kwenye begi, kwa kuwa barafu huanzia juu. Ule mpira wa kunyonyea maji utaganda mapema tu.

Jingine: ukichangisha kwa jina la marehemu, usiwasahau wagumu, yaani sisi wabeba mizigo. Lilikuja kundi moja na bango refu la hisani, tukalibeba mpaka juu. Kushuka getini, tipu yetu ikawa fulana zenye picha ya bango.

Sista wa Zamu ya Usiku
Pole kwa msiba. Kabla hujalipia chochote, kapime damu. Selimundu hurithiwa kwa baba na mama. Kama wazazi wenu wote wawili ni wabebaji, yaani wana kinasaba chake kimoja bila kuumwa, ndugu asiyeumwa ana uwezekano wa mbili kati ya tatu kuwa mbebaji naye. Mbebaji kwa kawaida anaishi vizuri tu, ila mwinuko mkubwa, kiu na kujisukuma kupita kiasi vinaweza kumletea matatizo ya bandama au misuli. Daktari akuambie, si sisi huku.

Mdogo wa Marehemu (Dar)
Dada, hili hakuna aliyewahi kunieleza, na tumeuguza miaka. Kesho asubuhi niko maabara.

Mama Chausiku (Temeke)
Mume wangu alikuwa mpiga filimbi wa klabu ya jogging hapa mtaani. Saratani ilipomchukua, wenzake wakasema huyu tutamkimbilia. Wakatoka alfajiri, mchakamchaka mpaka hospitali ya saratani ya Ocean Road, jina lake wakalitia kwenye wimbo, mmoja anaita na wengine wanaitikia. Mimi nilifuata nyuma na dera langu na raba za mwanangu zinazonibana. Sikulia njia nzima. Nililia pale kijana mmoja alipopuliza ile filimbi yake, maana nilikuwa sijui kama walibaki nayo.

Sasa pesa. Msibani daftari la rambirambi linajaa siku moja. Ukirudi kuomba mchango wa matembezi, utasikia "si tulishatoa?" Shemeji yangu mmoja alisema waziwazi kwamba natafuta mtaji kwa mgongo wa marehemu. Nikamkabidhi yeye huyohuyo uhazini. Tukaomba control namba (namba ya kulipia) hospitalini, akalipa mbele ya watu, risiti akaitupia kwenye grupu. Tangu hapo ndiye anayedai watu michango kuliko mimi.

Hesabu Kwanza
Mimi napita na swali moja. Hizi mbio za hisani kiingilio kinakwenda wapi? Fulana, medali, muziki, wageni rasmi. Mgonjwa anafikiwa na shilingi ngapi?

Wa South B (Nairobi)
Swali ni la haki, lakini usitupe zote kwa kapu moja. Huku tuna Mater Heart Run tangu miaka ya 90, pesa inaenda kwa watoto wenye ugonjwa wa moyo ambao wazazi hawawezi kulipia upasuaji. Unanunua fulana, hiyo ndiyo tiketi. Mpwa wangu alituacha akingoja upasuaji. Tangu hapo ukoo wetu mzima hutoka, hata shosho na mkongojo wake, na hakuna anayeuliza nani amemaliza wa ngapi. Dadangu hawezi kutembea yote. Hukaa karibu na mwisho akipeana maji.

Kipanga wa Toronto
Huku Canada kuna Terry Fox Run kila Septemba. Kijana mwenyewe alikatwa mguu kwa saratani, mwaka 1980 akaanza kukimbia kuvuka nchi na mguu wa bandia, karibu marathoni moja kila siku. Alikimbia kilometa 5,373 katika siku 143, saratani ikarudi mapafuni, akafariki 1981 akiwa na miaka 22. Ndugu Hesabu Kwanza, hizi mbio hazina kiingilio wala medali. Unabandika mgongoni jina la unayemkimbilia. La kwangu niliandika "Bibi", na mzee mmoja wa Kifilipino aliniuliza habari zake kilometa nzima.

Mnyororo (Mwanza)
Kwa baiskeli kuna msafara wa Twende Butiama, kutoka Dar hadi nyumbani kwa Mwalimu Nyerere, kufika kwake ni Oktoba 14, siku aliyofariki mwaka 1999. Njiani wanapanda miti na kugawa madawati. Makalio yanaomba talaka, ila vijiji vinakupokea kama mwanao.

Mdogo wa Marehemu (Dar)
Majibu yametoka, mimi ni mbebaji. Daktari hajanizuia kukimbia, amesema nizidishe maji na mazoezi niyapandishe kidogokidogo. Mlima ameniambia niuache. Basi nitakimbia kilometa 21 za Kilimanjaro Marathon pale Moshi, na mama amekubali kushika daftari. Mgumu, kile kilima cha kuelekea Mweka kikoje?

Mgumu Mstaafu (Marangu)
Kirefu, na jua la Moshi halina adabu. Anza taratibu, waache wakupite. Nitakuwa barabarani na ndizi, niambie tu utavaa rangi gani.