Je, magari ya siku hizi yanachosha kuyaendesha kuliko ya zamani?

Mkazi wa Kimara

Ndugu zangu, nawasalimu. Jumapili iliyopita niliendesha gari kutoka Kimara, hapa Dar es Salaam, hadi Bagamoyo kwa kupitia Goba na Madale, na nilipozima injini niligundua kuwa sikuwa na kumbukumbu yoyote ya safari yenyewe. Sikukumbuka kona hata moja. Gari langu ni dogo, la Kijapani, la mwaka 2012, lenye gia za otomatiki, na kwa kweli haliniudhi kwa lolote: linawaka kila asubuhi, linatumia mafuta kidogo, na kiyoyozi chake kinapoza hata mchana wa Februari. Lakini kila ninapoliendesha najiona kama abiria aliyekalia kiti cha dereva, na linanichosha kwa kukosa msisimko.

Udereva nilijifunza kwenye Peugeot 504 ya marehemu baba, ile ambayo gia zake zilikuwa kwenye usukani. Baba alinikataza kuangalia mshale wa spidi. Alitaka nisikilize injini, na baada ya wiki chache nikaanza kujua kwa sikio tu kwamba gia ya tatu imeelemewa na sasa inatakiwa ya pili. Tulipokuwa tukipanda mlima Kitonga kwenda Iringa, usukani ulinieleza mahali lami ilipobanduka kabla macho yangu hayajapaona. Nauliza basi: je, kuna kitu kilichoondoka kweli ndani ya magari, au ni mimi ninayeukumbuka ujana wangu? Ningependa hasa kusikia kutoka kwa wanaojua kilichobadilika kwenye mitambo, si sura za taa na rangi za mabodi.

Fundi wa Gerezani

Mkuu, hujakosea. Nimo gereji tangu mwaka 1988, na nimekiona kitu hicho kikiondoka mbele ya macho yangu.

Gari la kabureta, ile inayochanganya mafuta na hewa, na platini, ile swichi ndogo ya kuwashia cheche, lilikuwa linasema. Ukifungua plagi ukaikuta imejaa masizi meusi, ulijua mafuta yanaingia mengi. Ukiikuta nyeupe kama chokaa, ulijua ni machache na injini inaungua kwa joto. Ukiikuta na rangi ya hudhurungi kama udongo mkavu, uliirudisha mahali pake na kumwambia mwenye gari aende salama. Platini tulizisafisha kwa msasa, tukapima mwanya wake kwa vibamba vyembamba vya chuma, kisha tukalegeza nati ya distribyuta, ile inayogawa umeme kwenye plagi, na kuizungusha kidogo kidogo kwa mkono huku injini ikiunguruma, mpaka mlio utulie. Mwenye gari alikuwa amesimama pembeni yangu akisikiliza, na mara nyingi yeye ndiye aliyesema "hapo hapo" kabla yangu, kwa sababu alilijua gari lake kama mtu anavyoijua sauti ya mwanawe. Leo nachomeka mashine chini ya dashibodi, inanipa namba ya hitilafu, nabadilisha sensa. Sina ugomvi na mfumo huo, maana magari ya sindano za mafuta, yaani yanayopuliziwa mafuta kwa amri ya kompyuta badala ya kabureta, yanawaka haraka na yanabana matumizi. Ila mwenye gari hasogei tena kwenye boneti. Anakaa kwenye benchi na simu yake mpaka nimwite.

Kuna jambo jingine ambalo vijana hawalijui. Mbio za magari za Safari Rally, zilizoanza mwaka 1953 zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, washindi wake walikuwa magari yaliyofanana na yale tuliyoyaona mitaani. Peugeot 504 ilishinda mwaka 1975, na dereva Shekhar Mehta alishinda mara nne mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982 akiwa na magari ya Nissan, yaliyojulikana pia kama Datsun. Mtu mwenye 504 hapa mjini alijua kwamba gari lake ni ndugu wa bingwa, na hilo lilibadilisha hata namna alivyoliosha.

Muuguzi wa Mbagala

Kaka zangu, nawaheshimu, lakini naomba na mimi nisikilizwe. Mimi natoka zamu saa nne usiku na kurudi nyumbani kwa Barabara ya Kilwa. Kwa miaka mitatu niliendesha gari la zamani lenye gia ya mkono, na kwenye foleni ya Mtongani goti langu la kushoto lilikuwa linatetemeka kwa kukanyaga na kuachia klachi. Usiku mmoja wa masika lilichemsha, nikasimama peke yangu kando ya barabara karibu saa nzima, boneti limefunguliwa na mvua inanyesha, nikisubiri rejeta ipoe ili niongeze maji. Gari nililonalo sasa halijawahi kunisimamisha. Kama hiyo ndiyo inayoitwa kuchosha, basi naomba lizidi kunichosha.

Isitoshe, nimewapokea majeruhi wa ajali wengi mno kuweza kuzungumzia ladha ya gari la zamani peke yake. Mwaka 2009 taasisi ya Marekani ya usalama barabarani inayogharamiwa na kampuni za bima iligonganisha Chevrolet Bel Air ya mwaka 1959 na Chevrolet Malibu ya mwaka huo wa 2009, uso kwa uso. Wengi wangedhani chuma kinene cha zamani kingeshinda. Sehemu ya dereva katika Bel Air ilibomoka ikamfuata dereva, wakati ile ya Malibu ilibaki na umbo lake. Wataalamu walisema kuwa dereva wa Malibu angetoka na jeraha dogo la mguu, na yule wa Bel Air angekufa papo hapo.

Na kaka wa Kimara, nisamehe kwa kusema hivi: huenda unayemkosa ni baba, wala si gari.

Mhandisi wa Sinza

Dada ana haki kuhusu usalama, na sitamjibu hapo. Lakini swali la ndugu yetu lina jibu la kiufundi ambalo halitegemei kumbukumbu za mtu.

Katika magari mengi ya zamani, usukani uliunganishwa na magurudumu kwa vyuma, ama bila msaada wowote ama kwa msaada wa pampu ya mafuta, kwa hiyo mtikisiko wa barabara ulipanda mpaka viganjani. Magari mengi ya sasa yana mota ya umeme inayosaidia kuzungusha, na kompyuta ndiyo inayoamua msaada uwe mkubwa kiasi gani. Faida yake ni kwamba injini haisukumi pampu muda wote, hivyo mafuta yanapungua kutumika. Hasara yake ni kwamba mengi ya yale yaliyokuwa yakifika mkononi yanachujwa njiani. Pedali ya mafuta nayo imebadilika vivyo hivyo. Zamani kebo ilitoka mguuni moja kwa moja hadi kwenye koo la kabureta. Siku hizi mguu unatuma ombi kwa kompyuta, nayo inalilainisha kabla ya kulitekeleza.

Gia ndizo zilizoniuma zaidi mimi binafsi. Magari madogo mengi tunayoagiza Japani yana gia zisizo na ngazi, yaani mkanda wa chuma unaozunguka kati ya puli mbili zinazopanuka na kubana. Wazo hilo si geni, kwa kuwa DAF ya Uholanzi ilionyesha gari la gia za namna hiyo, ingawa kwa mikanda ya mpira, mwaka 1958, lakini sasa limeenea kila mahali. Ukikanyaga mafuta, mlio wa injini unapanda na kubaki palepale wakati gari likiongeza mwendo. Baba wa ndugu yetu alimfundisha kusikiliza injini. Katika gari kama hilo hakuna cha kusikiliza, kwa sababu mlio na mwendo vimetenganishwa.

Hata hivyo jambo ambalo naona hatulitaji vya kutosha ni spidi. Volkswagen Golf ya kwanza, ya mwaka 1974, ilikuwa na uzito wa kilo 800 hivi; ya leo inazidi kilo 1,200, na imewekewa vizuizi vya kelele kila upande. Gari la namna hiyo halianzi kumpa dereva kazi mpaka lifike kilometa 110 au 120 kwa saa. Sisi tunaendesha wapi kwa mwendo huo? Kwenye makazi kikomo ni 50, na kutoka hapa hadi Morogoro vijiji vimefuatana kama shanga. Corolla ya zamani iliyo nyepesi, yenye tairi nyembamba, katika 50 tayari inakutaka uwe macho, uchague gia, uikadirie kona. Kwa barabara zetu na sheria zetu, raha iliyomo ndani ya mwendo halali ndiyo raha pekee tuliyo nayo, na ndiyo waliyoiondoa.

Wala usalama haukuidai sadaka hiyo. Toyota GR Yaris ya mwaka 2020 ina mifuko ya hewa na vidhibiti vyote vya kisasa, na bado imewekewa gia sita za mkono. Mazda MX-5, iliyoanza mwaka 1989, imeendelea kuwa nyepesi. Watengenezaji wanaweza, wanachagua kutofanya hivyo kwa sababu wanunuzi wengi wanataka anachotaka dada wa Mbagala.

Mkazi wa Kimara

Dada, sikatai, baba yumo ndani ya swali langu, na nimesoma maneno yako mara mbili. Mhandisi, sasa nimeelewa kwa nini sikukumbuka kona hata moja. Fundi, nikuulize jambo moja: vijana ambao wazazi wao hawakuwa na magari hayo, nao wanaihisi tofauti hii?

Fundi wa Gerezani

Wanaihisi, mkuu. Mwaka huu nimewatengenezea Corolla za zamani, aina ya KE70, vijana wawili ambao hawajafika miaka 25, na baba wa mmoja wao hajawahi kumiliki hata pikipiki. Siku ya kwanza gari lilimzimikia mara tatu kabla hajafika Mtaa wa Msimbazi. Alirudi amelowa jasho, anacheka, anataka nimfundishe kuachia klachi.

Njoo Jumamosi uliendeshe kabla ya kuwaza kununua. Na siku ukienda kununua, usidanganywe na rangi. Inua zulia la upande wa dereva, ubonyeze bati la sakafu kwa kidole gumba, kisha fungua boneti utazame bati linaloshika shokapu za mbele, maana chumvi ya bahari ya jiji hili inapenda kujificha hapo. Injini ya KE70, iitwayo 4K, ya cc 1,290, isikutie hofu. Hata ikiwa mbovu tutaifungua na kuifunga tena. Bati lililooza ndilo litakalokumalizia pesa.