Mashine moja kubwa, klasta au GPU kwa simulesheni?

nodi_sifuri: Wakuu habari zenu, naombeni ushauri kabla hatujanunua. Kazi yetu ni simulesheni ya maji ya chini ya ardhi, kodi ya programu ni C na OpenMP (njia ya kugawa kazi ndani ya mashine moja), matriki kubwa ambazo karibu zote ni sifuri, memori inafika GB 300. Tuna njia tatu: sava moja ya soketi 2 (yaani prosesa mbili) yenye kori 128 (vitengo vya kukokotoa), au klasta, yaani nodi (mashine) 8 ndogo zilizounganishwa kwa mtandao wa kasi, au sava yenye GPU 2 (kadi za kukokotoa) za memori GB 80 kila moja. Moyo wangu uko kwenye GPU.

Tredi64: GPU hapana. 80 mara 2 ni 160, data yako 300, kwahiyo utashinda unasafirisha data kwenye PCIe, ile njia kati ya GPU na memori kuu. Memori ya GPU kama A100 inasoma karibu TB 2 kwa sekunde lakini PCIe 4 ni kama GB 32 tu, hapo faida yote inaishia njiani. Data ingeenea kwenye GPU ningekwambia chukua bila kufikiri.

mama_klasta: Mi naona swali la kwanza ni kodi yenyewe. Kama asilimia 5 tu ya muda haigawanyiki, kanuni ya Amdahl (ya 1967 hiyo) inasema hata na kori 128 unapata kasi kama mara 17, na hutavuka 20 hata ununue kori milioni. Umeshapima?

nodi_sifuri: Ndo nimepima kwenye sava tuliyoazima, ya soketi 2. Hadi kori 16 inapanda vizuri, 32 imeganda palepale.

Tredi64: Hiyo ni memori sio Amdahl. Kila namba isiyo sifuri unasoma baiti 8 za thamani na 4 za indeksi (nafasi yake), alafu unafanya hesabu 2 tu, kori zinakaa zikisubiri data. Halafu niambie, luupu (kipande cha kodi kinachojirudia) ya kujaza matriki mwanzoni inaendeshwa na tredi (mikondo ya kazi) ngapi?

nodi_sifuri: Moja

Tredi64: Basi data yote imekaa kwenye memori ya upande wa soketi moja, kori za upande wa pili zinaisoma kwa mbali! Linux inaiweka pale ilipoguswa mara ya kwanza. Jaza kwa tredi zilezile zitakazokokotoa na uzifunge kila moja kwenye kori yake.

mama_klasta: Kweli kabisa. Klasta ingekupa kasi kubwa zaidi ya memori kwa jumla maana kila nodi ina chaneli zake za memori (njia za kusomea data), ila lazima uandike kodi upya kwa MPI (njia ya nodi kutumiana data), na hiyo ni miezi ya mtu sio wikiendi. Kama GB 300 haitaongezeka mi nisingekubali.

nodi_sifuri: Nimebadilisha luupu, sasa 32 inakimbia karibu mara 2 ya jana!! Kwahiyo nichukue ile ya kori 128?

Tredi64: Sava moja ndiyo, ila kori 128 za nini? Chukua prosesa zenye kori chache na chaneli 12 za memori kwa soketi, na ujaze chaneli zote. Ukiacha nusu wazi umetupa nusu ya kasi.