Kronografu ya betri au GMT ya otomatiki: nichukue ipi?

MizigoKla: Habari zenu wakuu. Nasimamia malori yanayoingia Uganda kutoka Mombasa kupitia mpaka wa Malaba. Mengine yanashusha Kampala, mengine yanaendelea Juba na Kigali, na mara nyingi navuka mwenyewe mpaka wa Elegu (Sudan Kusini) au Katuna (Rwanda) kufuatilia makaratasi. Nimeweka akiba ninunue saa moja nzuri ya mkononi. Nimebaki na mbili: Seiko 5 Sports GMT (SSK001), yenye mshale wa nne wa kuonyesha saa za nchi nyingine, ya otomatiki, yaani inajijaza kwa mwendo wa mkono; na Seiko Speedtimer SSC813, kronografu (yenye vitufe vya kupimia muda) ya kwotsi, yaani ya betri, inayojichaji kwa mwanga. Ipi itanifaa kazini?

Mpaka_Katuna: GMT, bila kusita. Malaba hubadilishi kitu, Kenya na sisi Uganda saa zetu ni zilezile. Ila Rwanda na Sudan Kusini wako nyuma yetu saa nzima. Kukiwa saa nne asubuhi Kampala, Kigali ni saa tatu. Ofisi za ng'ambo zinafunguliwa kwa saa zao, na dereva asiyekumbuka hilo anasota getini bure.

Kocha_Kapchorwa: Ndugu, mimi nafundisha wakimbiaji na sibanduki kwenye kronografu. Kijana akipita mstari nabonyeza kitufe bila hata kuangalia mkono, macho yanabaki kwake. Simu hainipi hilo, hasa mvua ikinyesha na vidole vimelowa. Na wewe wa barabarani ina kazi kwako: ukipanda lori, bonyeza kwenye nguzo moja ya kilomita, simamisha kwenye inayofuata. Ikiwa ni sekunde 45, ukingo wa takimita, ule wenye namba za kusomea mwendo, unakuonyesha 80, yaani kilomita 80 kwa saa. Lakini jiulize kwa dhati utapima nini kila siku. Kama hakuna, usinunue vitufe.

FundiSaa: Mzee MizigoKla, kabla hujatoa pesa elewa jambo moja ambalo wauzaji wengi hawalisemi: GMT ziko za aina mbili.

SSK001 ina mashine ya 4R34. Humo mshale wa nne ndio unaosogezwa peke yake. Ukifika Kigali, mshale mkuu wa saa unabaki na saa za Kampala, na saa za Kigali unazisoma kwa mshale wa nne kwenye ukingo wa saa 24. Hiyo inamfaa sana mfanyabiashara aliyekaa Kikuubo, mtaa wa maduka Kampala, akipiga simu Guangzhou, China, ambako wako mbele yetu saa tano. Anayevuka mipaka kama wewe anahitaji aina ya pili, ambayo mshale mkuu wenyewe unaruka saa moja moja bila saa kusimama. Mashine ya Miyota 9075 inafanya hivyo.

Dukani mwambie muuzaji avute ufunguo wa pembeni hatua ya kwanza na auzungushe pande zote mbili huku ukitazama. Mshale wa nne ukisogea, ni ya mpiga simu. Mshale mkuu ukiruka, ni ya msafiri.

DadaMbale: Na hicho kiduara cha saa 24 kwenye Speedtimer kisimdanganye mtu. Kinafuata mishale mikuu, hakionyeshi saa za nchi nyingine.

MizigoKla: Asante sana fundi, hilo sikulijua. Na usahihi?

FundiSaa: Hapo kwotsi haina mpinzani. Kwa vipimo vya Seiko, 4R34 inaweza kuzidi hadi sekunde 45 au kupungua hadi 35 kwa siku, ingawa nyingi ninazozifungua zinakwenda vizuri kuliko hapo. Speedtimer ni sekunde 15 kwa mwezi. Tena otomatiki ukiivua Ijumaa jioni, Jumatatu utaikuta imesimama, akiba yake ya nguvu ni kama saa 41. Ya mwanga ikijaa inakaa gizani miezi kama sita. Upande wa matengenezo naipenda otomatiki: naifungua, naisafisha, naitia mafuta, inarudi kazini. Kronografu ya kwotsi ikiharibika ndani, mara nyingi ni kubadilisha mashine nzima.

DadaMbale: Zote mbili zinahimili maji kwa kipimo cha mita 100, mvua haziogopi. Ila vitufe vya kronografu usivibonyeze ndani ya maji.

MizigoKla: Basi SSK001 naiacha. Natafuta GMT ya msafiri, na nikiikosa nachukua Speedtimer.

FundiSaa: Sawa mzee. Ukiipata, tarehe usiirekebishe kuanzia saa tatu usiku hadi saa kumi alfajiri. Meno ya tarehe yanakuwa yameshikana wakati huo.