Mjadala: "Shoga yangu" tuiorodheshe vipi?

Mkutubi, Iringa: Wakuu, naomba mawazo. Napanga nyaraka za wasanii: michoro, picha, barua. Katika barua moja mwanamke anamwandikia mwenzake "shoga yangu kipenzi". Kijana anayenisaidia akaiweka kwenye mada ya mapenzi ya jinsia moja. Nimeitoa. Wanawake huitana shoga kwa urafiki tu, na neno hilohilo akiitwa mwanamume ni tusi. Lakini lipo daftari ambalo mchoraji, marehemu sasa, ameandika kwa mkono wake kwamba kijana aliyemchora ni mpenzi wake. Hiyo siwezi kuiita "picha ya rafiki". Nitakuwa nimemsemea uongo.

Mwalimu, Mbeya: Napinga. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 154, kwa kosa la kuingiliana kinyume cha maumbile inataja kifungo cha maisha, na kisichopungua miaka 30. Aliyechorwa akiwa hai, orodha yako itamfikisha polisi. Andika "picha ya kijana", basi.

Mama Tunduma: Shikamoo Mwalimu. Maneno ya orodha hayajawahi kuwa mepesi. Hapa jirani, Chuo Kikuu cha Zambia, mwishoni mwa miaka ya 1960 alifanya kazi mkutubi Mmarekani, Sanford Berman. Huko ndiko alikotambua kwamba "Kafirs", kichwa cha mada (jina la kupangia vitabu) walichopewa watu weusi wa kusini mwa Afrika katika orodha ya Maktaba ya Bunge la Marekani, ni matusi kwa wenyeji. Mwaka 1971 akatoa kitabu kizima cha kuvikosoa vichwa hivyo. Orodha hiyohiyo, hadi 1972, iliunganisha mada ya ushoga na ile ya "upotovu wa kingono" kwa rejeo la "angalia pia". Msomaji alihukumiwa kabla hajafungua kitabu! Mkutubi, usiazime neno la mtaani wala la kitaalamu. Nukuu la mchoraji mwenyewe.

Mkutubi, Iringa: Asante Mama, hapo umenigusa. Nitanukuu sentensi yake kama ilivyo. Jina la aliyechorwa halitaonekana kwa wasomaji. Litakaa kwenye faili la ndani mpaka nijue kama yu hai, na kama yu hai, aulizwe yeye. Mwalimu, inakutosha?

Mwalimu, Mbeya: Kunukuu nakubali, maana ni maneno yake. Faili ndilo linanitisha. Ukihamishwa kesho, ufunguo atabaki nao nani?

Mkutubi, Iringa: Hilo sina jibu lake. Basi jina siliandiki popote. Litabaki humo daftarini, na daftari litabaki kabatini.