Nimeongea na watatu, wa kunichorea nyumba nichague yupi?

Tumaini_Kibaha
Habari za jioni wakuu. Nina kiwanja cha mita 20 kwa 30 huku Kibaha, kinateremka kidogo kwa nyuma. Nataka nyumba ya chini, vyumba vitatu, kimoja cha mama yangu ambaye magoti yanamsumbua.

Wa kwanza hatujawahi kuonana. Alinitumia ramani nane WhatsApp, nichague moja kwa laki mbili na nusu. Wa pili ni fundi aliyemjengea kaka yangu, anasema ramani anayo kichwani, nisipoteze hela. Wa tatu ni dada mmoja mbunifu majengo. Alikuja kiwanjani akakizunguka chote, akamuuliza jirani maji ya masika yanapita wapi. Kisha akaniuliza mama akiamka usiku kwenda chooni huwa anashika wapi. Sikuwahi kuliwaza hilo. Huwa anashika ukuta, halafu kitasa.

Bei yake ni milioni mbili, kwa awamu. Moyo uko kwake, ila hiyo ni hela ya tofali za msingi. Nimuulize nini kabla sijaamua?

Mzee wa Goba
Binti, kwanza usajili. Muombe namba yake, uihakikishe AQRB, yaani Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi. Hii kazi ina sheria yake, namba 4 ya mwaka 2010. Halmashauri nao watataka michoro yenye muhuri ukienda kuomba kibali cha ujenzi, kwa hiyo swali la muhuri ungekutana nalo tu.

seremala_wa_kenchi
Dada yangu, mimi niko saiti miaka mingi na nakwambia kweli: nyumba ya kawaida vyumba vitatu, mchoraji mzuri anatosha. Hiyo milioni mbili nunua nondo.

MamaNeema
Seremala, nakuheshimu, ila hapo sikubaliani na wewe. Mimi nilinunua ramani ya mtandaoni. Nzuri kweli kwenye picha. Jiko likaangukia magharibi, dirisha moja, na kibaraza hakuna. Kuanzia saa tisa alasiri jua linaingia mpaka kwenye sufuria. Napika nimefunga pazia na taa nimewasha, mchana kweupe. Aliyechora hakujua kiwanja changu kimeelekea wapi, na mimi sikujua kama natakiwa kumwambia.

Tumaini, swali langu kwako ni hili: nani atakuja saiti fundi akitaka kubadilisha kitu? Maana atataka. Shemeji yangu alichorewa madirisha mawili yanayotazamana chumbani, upepo uingie huku utokee kule. Mbunifu alishalipwa, akaondoka. Fundi akaziba moja ili kabati lipate ukuta, na shemeji mwenyewe akakubali kwa simu. Leo kile chumba hakilaliki bila feni, na kusi ikivuma inaishia ukutani. Kwa hiyo muulize huyo dada atakuja mara ngapi, hatua zipi, na kama nauli imo kwenye bei. Ningemtaka wakati wa kupanga msingi, kabla ya kumwaga lenta, na kabla ya kupaua. Iandikwe.

Mkadiriaji
Naongezea upande wangu. Muulize milioni mbili inakupa karatasi zipi. Ramani ya sakafu peke yake haijengi. Unataka mikato, yaani nyumba ikichorwa kama imekatwa uione kwa ndani, mionekano ya pande zote, michoro ya nondo kutoka kwa mhandisi, njia za maji na umeme, na mahali pa shimo la maji taka. BOQ, yaani orodha ya vifaa na kazi pamoja na gharama zake, mara nyingi ni malipo ya pembeni, uliza mapema. Na kiwanja kikiteremka, msingi wa nyuma unapanda, kozi za tofali zinaongezeka. Mchoro uliofuata mteremko unaweza kukupunguzia kifusi na tofali nyingi. Ramani ya WhatsApp imechorwa kama ardhi yote ni meza.

Mzee wa Goba
Jambo jingine. Omba akupeleke kwenye nyumba aliyochora ambayo watu wanaishi, siyo picha. Ukae na mwenye nyumba, mbunifu asiwepo. Muulize mvua kubwa ilipokuja maji yalisimama wapi, na walipogombana na mbunifu waliyamalizaje.

seremala_wa_kenchi
MamaNeema, hilo la dirisha nimelikubali. Nimeshaziba madirisha ya watu kwa maneno ya simu. Dada, ukimchukua huyo mbunifu, mkutanishe na fundi wako kabla ya kuchimba. Sisi tukielezwa kwa nini kitu kimewekwa pale, hatukigusi.

Tumaini_Kibaha
Asanteni sana wakuu. Nimempigia sasa hivi. Namba ya usajili amenitumia papo hapo. Saiti atakuja mara tatu ndani ya bei hiyo, BOQ ni pembeni. Jumamosi ananipeleka Mlandizi kwenye nyumba aliyochora, mwenye nyumba amekubali. Nitaenda na mama, nimuone anavyotembea mle ndani.